Jua la Wifi Alida

Watu wa Moerhove, kijiji chetu cha Ubelgiji, walikwishamzoea. Ukija kununua chipsi kibandani kwetu, pale ubavuni mwa kanisa, na mawingu yamefunga kama kawaida yake, utahudumiwa upesi na utaongezewa mayonezi bila kuomba. Lakini mawingu yakipasuka wakati ungali kwenye foleni, basi pole. Wifi yangu Alida ataweka chini chujio la chipsi, atajifuta mikono kwenye aproni, na kutokea mlango wa nyuma bila kuaga mtu.

Nakumbuka Jumatano moja ya soko. Foleni imefika hadi kwenye ngazi za kanisa, na Valère mwenye bucha yuko mbele kabisa, njaa imemkaza uso. Ghafla mwanga ukaingia dirishani. Alida akatoweka.

"Irma," Valère akaniita, "ameenda wapi huyu?"

"Jua limetoka."

"Naliona limetoka. Chipsi zangu zimetoka?"

"Subiri kidogo, ndugu yangu. Huku kwetu jua ni kama mgeni wa serikali, halikai."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwambie hivyo wifi yako!"

Nyuma yake watu wakacheka. Mimi nikaziokoa chipsi kabla hazijawa makaa, nikamfungia zake. Alida aliporudi mashavu yalikuwa mekundu, macho yanang'aa, na nywele zimemsimama kwa upepo. Akamtazama Valère kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, akamwambia, "Valère, lile kundi la upande wa magharibi limegawanyika. Jana lilikuwa moja, leo mawili." Valère akamwangalia, akaangalia chipsi zake, akasema, "Hongera, mama," akaenda zake. Kesho yake alirudi kununua tena. Hakuna aliyewahi kumhama Alida kwa sababu ya jua lake. Kwanza chipsi zake zilikaangwa kwa mafuta ya ng'ombe kama za zamani, na pili, nadhani watu walipenda kuona mtu mzima akifurahi kiasi kile kwa kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya.

Alida hakuzaliwa na mambo hayo. Baba yake alikuwa mtu wa kitani, na yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha nguo akiwa bado na mikia miwili ya nywele. Huko ndiko alikomkuta kaka yangu Remi, aliyekuwa akija na mabehewa ya reli kuchukua mizigo. Walioana wakapata mabinti wawili, mabinti wakakua wakaolewa Antwerp. Kiwanda kilipofungwa, Alida akafungua kibanda cha chipsi, na mimi, niliyekuwa nimefiwa na mume mwaka uleule, nikaja kumenya viazi. Tukafanya kazi bega kwa bega karibu maisha yetu yote yaliyobaki. Watu husema mawifi hawaivi chungu kimoja. Sisi tuliivisha vyungu vingi.

Jambo lenyewe lilianza asubuhi moja ya Oktoba yenye ukungu mzito, ule wa msimu wa kuvuna viazisukari, unaokaa juu ya mashamba kama maziwa. Tulikuwa tunafungua kibanda. Jua lilikuwa limepanda kidogo juu ya paa la shule, jeupe, limefifia, halina ukali wowote. Alida alisimama na ndoo mkononi.

"Irma, njoo. Nadhani jicho langu limeharibika."

"Limefanya nini?"

"Naona doa. Kwenye jua, hapo chini, kidogo kulia."

Nikatazama. Na mimi nikaliona: nukta nyeusi, kama kipande cha pilipili manga kwenye sahani. Tukasimama pale wanawake wawili, tumekodoa macho, hata ukungu ulipoanza kupungua na mwanga ukatuchoma, tukainamisha vichwa.

Mimi nilisahau kabla ya saa sita mchana. Alida hakusahau. Alikwenda maktaba, akamuuliza mwalimu wa sayansi, akapewa jina la chama cha watazama nyota cha Gent, akapanda treni akaenda. Nilimwonya kwamba atakuta maprofesa watupu watakaomdharau. Kumbe alikuta fundi wa saa, mwanamke wa posta, wanafunzi wawili na padri mstaafu, nao walimpokea kama waliyekuwa wakimngojea. Wakamfundisha kwamba jua lina madoa yanayokuja na kuondoka, miaka mingine mengi hadi hujui uanzie wapi, miaka mingine hakuna hata moja, na kwamba kule Brussels kuna watu ambao kazi yao ni kukusanya hesabu za madoa hayo kutoka duniani kote, nyingi zikitoka kwa watu wa kawaida kama wao wanaochungulia jua kwenye bustani zao. Jambo la kwanza walilomwambia, na ambalo yeye alilirudia kwa kila mtu hadi tukachoka, ni kwamba jua halitazamwi. "Ukitia jicho kwenye darubini kulitazama, umekwisha. Jua unaliacha lije lenyewe kwenye karatasi."

Na ndivyo alivyofanya. Alinunua darubini kuukuu kwa mjane wa daktari wa meno, akaiweka bustanini juu ya miguu yake mitatu, akaielekeza juani bila kuchungulia, na upande wa pili akafunga karatasi nyeupe. Jua likaangukia pale, duara safi ukubwa wa kisahani cha kahawa, na juu yake madoa, kila moja na ukingo wake wa kijivu kama manyoya. Kando akaweka kamera. Kila siku ambayo mawingu yaliruhusu alipiga picha na kuhesabu madoa, na kila mwezi akatuma hesabu yake Brussels. Picha alizibandika kwenye albamu, na ukizipitisha haraka kwa kidole gumba uliona madoa yakitembea kutoka ukingo huu hadi ule, kwa kuwa jua linazunguka. Mara ya kwanza aliponionyesha hivyo nilijishika kifua. Sijui nilidhani jua linafanya nini kule juu siku zote. Sikudhani linageuka.

Nilimwuliza siku moja, tunamenya viazi, "Wifi, kwani unalitakia nini jua?"

Akafikiri, kisu mkononi. "Unajua masista walitufundisha kwamba jua ni safi kuliko vitu vyote. Mimi nilikuwa naliogopa. Tangu nilipoona lina madoa nimelipenda. Linakuja na kasoro zake, na bado linatuchomozea kila siku."

"Na kaka yangu mwenye kasoro zake?"

"Za huyo hazitumwi Brussels," akasema, tukacheka hadi viazi vikadondoka.

Sasa Remi. Kaka yangu alikuwa mtu wa njiwa, kama alivyokuwa baba yetu na babu yetu. Ijumaa jioni alipeleka ndege wake kwenye baa ya Zwaan ndani ya matenga, wakapakiwa kwenye lori pamoja na wa wenzake, wakaenda kufunguliwa mbali huko Ufaransa, nao kazi yao ni kurudi nyumbani mbio. Njiwa akitua na kuingia bandani, unamvua pete ya mpira mguuni, unaitia kwenye saa maalumu, saa inagonga, na hapo ndipo muda unapohesabiwa. Kwa hiyo saa ya kurudi kwa njiwa nyumba nzima hushikilia pumzi. Hakuna kuanika nguo, hakuna kufunga mlango kwa kishindo, hakuna kupiga chafya.

Fikiria basi bustani moja, ndogo kama leso, na watu wawili waliooana, wote wamekodolea mbingu moja, kila mmoja akitafuta chake.

Alida alikuwa na kitambaa cheusi alichojifunika pamoja na karatasi yake ili aone vizuri. Jumamosi moja njiwa wa kwanza wa Remi alitokea juu ya miti ya poplari, akashusha mabawa ili atue, na wakati huohuo upepo ukakipeperusha kile kitambaa. Njiwa akapaa tena. Akaenda kutua juu ya yule jogoo wa bati anayeonyesha upepo kwenye mnara wa kanisa.

"Alida!" Remi akanong'ona kwa ukali, maana kupiga kelele ingekuwa kumfukuza zaidi. "Shusha hilo dubwana!"

"Nusu dakika tu."

"Nusu dakika! Mwenzio nimekaa mwaka mzima nangojea hiyo nusu dakika!"

"Na mimi nimekaa wiki nzima nangojea jua!"

"Jua litatoka kesho!"

"Hapa? Moerhove? Nani kakuambia?"

Njiwa alikaa kwenye jogoo wa kanisa akijitengeneza manyoya, hana habari. Aliposhuka, wa Cyriel alikuwa amekwishafika zamani. Cyriel ndiye jirani wa nyuma na mpinzani wa Remi tangu shule ya msingi. Jioni ile Remi alikula supu hadi nusu, kisha akaweka kijiko, akasema, "Njiwa wakiwa njiani, bustani yangu. Saa nyingine zote, yako." Alida akasema, "Nakubali." Wakapeana mikono juu ya supu kama wafanyabiashara wa ng'ombe, nami nilikuwa shahidi.

Wakaishi hivyo vizuri tu, hadi ule mwaka ambao jua lilichafuka. Ilikuwa miaka ya madoa mengi. Remi alikuwa na njiwa jike wa kijivu aitwaye Mieke, ndege wa maajabu, aliyekuwa amemwandaa kwa mashindano makubwa ya Bourges, kule Ufaransa. Ndege yule alikula mahindi kiganjani mwake. Wiki ile Alida aliona kundi kubwa la madoa likitokea ukingoni mwa jua. Akalisimulia mezani. "Refu, Remi, limeshikana kama mnyororo wa soseji. Sijapata kuona kama hili."

Remi akaacha kutafuna. Wazee wa njiwa wana imani kwamba jua likichafuka ndege hupotea njia. Wengine huapa kwamba ni kweli, wengine husema ni kisingizio cha wenye njiwa wabovu. Baba yetu alikuwa akiapa.

"Ungekuwa wewe," akauliza, "ungempeleka Mieke?"

"Mimi sijui njiwa."

"Najua hujui. Nakuuliza ungekuwa wewe."

Alida akanitazama mimi, kama kwamba ningemsaidia. Kisha akasema, "Ningekuwa mimi, nisingempeleka."

Hakumpeleka. Na Jumapili ile, jamani, anga ilikuwa ya buluu tangu Bourges hadi kwetu, upepo mwanana wa kusini, na njiwa walirudi kwa mafungu, wanene na wachangamfu, kama waliokwenda harusini. Aliyeshinda ni dume la Cyriel, ambaye Mieke alikuwa amempita mara zote walizosafiri pamoja.

Remi alikwenda Zwaan kwa sababu kutokwenda kungekuwa aibu zaidi. Mtu alikuwa amechora ubaoni jua lenye kitambaa cha kichwa na pakiti ya chipsi mkononi. Cyriel akamnunulia bia.

"Kunywa, Remi. Shemeji Alida hajambo? Jua lake limeamkaje leo?"

"Niache, Cyriel."

"Mwulize basi kesho kutwa mvua itanyesha saa ngapi, mke wangu ana nguo za kuanika."

Baa nzima ikaangua kicheko. Remi alirudi nyumbani amewiva kama kamba wa kuchemshwa. Nilikuwepo. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Nimekuamini wewe kuliko macho yangu mwenyewe," akamwambia mkewe.

"Niliona madoa, Remi. Sikuona njiwa. Nilikwambia sijui njiwa."

"Basi tusizungumze habari za jua ndani ya nyumba hii."

Alida akaondoa sahani. "Haya," akasema.

Alilitimiza agizo hilo kuliko hata Remi aliyelitoa alivyotaka. Aliendelea kupiga picha, aliendelea kuhesabu, kila mwezi bahasha ikaenda Brussels, lakini mezani jua halikutajwa tena. Walizungumza mabinti, viazi, magoti. Remi mwenyewe alijuta baada ya wiki chache, mimi namjua, nilimwona akipita karibu na darubini na kupunguza mwendo, akivuta shingo kama bata. Lakini kuomba radhi hakujua, na Alida hakujua kujipendekeza. Nilipojaribu kuingilia kati, wote wawili waliniambia nikamenye viazi.

Mwaka wa pili kiangazi, yakaja tena mashindano. Ijumaa alasiri Remi aliingia bustanini na Mieke mkononi, akasimama nyuma ya mkewe. Kwenye karatasi palikuwa na doa kubwa, jeusi, lililopasuka katikati.

"Linasemaje?" akauliza.

"Nani?"

"Usinitanie. Jua."

"Nilikatazwa kulitaja."

"Alida."

"Halisemi kitu, Remi. Halijawahi kusema kitu. Ni mimi niliyesema, na ukaona yaliyokupata. Njiwa ni wako."

Akasimama bado kidogo, akimpapasa ndege kichwa. Kisha akaenda Zwaan kumtia kwenye tenga.

Jumapili ile ndege walirudi vibaya. Sijui kwa nini. Kulikuwa na ngurumo za mvua kaskazini mwa Ufaransa, na mwaka ule mwewe walikuwa wengi, na jua nalo lilikuwa vile lilivyokuwa. Kila mtu alichagua sababu yake. Cyriel alipoteza wanne. Remi alipeleka watano wakarudi watatu, na Mieke hakuwemo.

Aliketi bustanini jioni yote, saa yake mapajani. Alida alifunga kibanda mapema, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya mazishi ya mama yake, akavuta kiti akaketi karibu naye. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Siku ya tatu nikawapelekea kahawa, nikamkuta Alida analia kimya kimya, machozi yanamtiririka kwenye aproni.

"Ningesema," alikuwa akimwambia. "Ningefungua mdomo tu. Nilifanya kiburi."

"Ungesema usimpeleke, ningempeleka," Remi akajibu. "Kwa ukaidi. Unanijua."

"Nakujua."

"Basi nyamaza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Leo hujalipiga picha jua lako. Limetoka toka asubuhi."

"Sina hamu."

"Inuka. Nionyeshe linavyokwenda."

Hivyo ndivyo kaka yangu, baada ya miaka yote ile ya kukaa na darubini hatua chache kutoka kwenye banda lake, alivyoinama mara ya kwanza chini ya kitambaa cheusi. Nilisikia sauti yake kutoka humo ndani. "Hili vumbi?" Na Alida, "Si vumbi. Zungusha lenzi taratibu. Kikizunguka na lenzi ni vumbi, kikibaki mahali pake ni doa." Lenzi ikakwaruza. Kisha Remi, "Limebaki." Kwa namna alivyosema ungedhani ni yeye aliyelitia doa pale.

Filamu ya wiki ile iliporudi kutoka kusafishwa, kulikuwa na picha moja ambayo Alida aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kumwonyesha mumewe. Ilipigwa Jumapili ya mashindano, wale njiwa watatu walipokwisha kutua. Kwenye duara la jua, mbali na lile doa, palikuwa na kivuli kidogo chenye mabawa. Ndege alikuwa amekatiza mbele ya jua wakati kamera inafumba.

Remi akaishika kwa ncha za vidole. "Ni yeye."

Mimi nikataka kusema ni kunguru. Mkia ule ulikuwa mpana mno kwa njiwa, hata mimi niliona. Alida alipima vitu kwa milimita, alikataa kutuma hesabu yenye shaka, aliwahi kugombana na fundi wa saa wa Gent kwa ajili ya nukta moja. Nikamtazama.

"Anaelekea kaskazini," Remi akasema. "Alipita juu ya nyumba. Alikuwa na haraka tu, akapitiliza. Siye huyu, Alida?"

"Siwezi kusema siye," Alida akajibu.

Remi akaibandika picha ile upande wa ndani wa mlango wa banda la njiwa, ikakaa humo, hadi ilipogeuka njano.

Majira yale ya baridi alibomoa nusu ya banda. Nilidhani anaacha njiwa. Kumbe kwa mbao zilezile alimjengea Alida kibanda cha darubini, chenye paa linalosukumwa kwa magurudumu ya toroli ya reli, ili asihangaike kuitoa na kuirudisha kila mawingu yakichezacheza. Kilinuka njiwa mwaka mzima. Alida hakuwahi kulalamika. Cyriel alichungulia juu ya ua, akasema, "Remi, sasa unafuga jua?" Remi akamjibu, "Hili halipotei," na Cyriel, ambaye naye alikuwa amepoteza wanne, akarudi bandani kwake.

Ikaja miaka ya jua tupu. Madoa yalipungua, yakawa machache, yakawa hakuna. Wiki kwa wiki Alida alipiga picha ya duara jeupe. Wateja walimtania. Valère alikuwa akiuliza, "Leo umepata nini?" naye akijibu, "Sifuri," kwa fahari ileile. Mimi nilimwambia apumzike hadi yarudi. "Irma," akaniambia, "ukimtembelea mgonjwa siku ambazo ana la kusema tu, wewe si rafiki. Na sifuri nayo lazima mtu aione. Isipoonwa si sifuri, ni kutojua tu."

Katikati ya kipindi hicho nyonga yake ikamshinda. Alikuwa amesimama mbele ya mafuta ya moto miaka mingi mno. Akalazwa hospitali ya Aalst, wakamwekea nyonga ya chuma, na kwa kuwa kidonda kilichelewa kupona, akakaa huko. Kilichomuuma zaidi si mguu. Kila nilipokwenda kumwona aliuliza, "Leo mawingu vipi?" Remi alikuwa amemwahidi kwamba atalitazama jua kila siku badala yake, nami najua alilitazama, kwa maana nilimsikia akilitukana paa lilipokwama.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, namchania nywele, Remi akaingia. Alikuwa amevaa ndara za bustanini. Alikuja na basi hadi Aalst kwa ndara za bustanini, zina matope na manyoya ya njiwa, na nesi alikuwa anamfuata kwa nyuma.

"Mzee! Mzee, viatu!"

"Dakika moja, binti yangu. Alida, lipo."

"Lipo nini?"

"Doa."

Alida akajiinua kwa viwiko, nami nikamshikia mto. "Umezungusha lenzi?"

"Nimezungusha."

"Mara ngapi?"

"Hadi shingo ikaniuma! Limebaki palepale. Mawili, ukitaka kujua. Moja kubwa na mtoto wake."

"Yako wapi? Remi, sikiliza vizuri, yako wapi? Katikati, usawa wa mkanda, au juu?"

Kaka yangu akatoa mfukoni kibao cha karatasi cha kuwekea glasi ya bia, cha Zwaan, chenye picha ya bata maji mbele. Nyuma yake alikuwa amechora duara kwa kuzungushia kikombe, na ndani yake nukta mbili. Zilikuwa juu, mbali na katikati, upande wa kaskazini.

Alida akakishika. Akajifunika nacho uso. Nesi akasogea haraka. "Mama, unaumwa? Nimwite daktari?"

"Siumwi," akasema, machozi tayari yameshuka. "Ni mapya. Ya zamani hufia karibu na katikati. Mapya huanzia huko juu. Linaanza upya, Irma. Linaanza upya na mimi nimelala hapa kama gunia, na aliyeliona ni huyu."

"Sasa unalia kwa furaha au kwa wivu?" Remi akauliza.

"Yote mawili, mjinga wewe. Njoo hapa."

Remi akainama, Alida akamshika masikio yote mawili, akambusu kwenye kipara. Nesi akasahau habari ya ndara. Aliomba aonyeshwe kile kibao, akakigeuzageuza, akauliza nukta zile ni za nini, na Remi akavuta kiti na kuanza kumweleza kana kwamba ni yeye aliyesoma Gent.

Alida alitoka hospitali na fimbo, ambayo hakuiacha tena. Tangu hapo Remi ndiye aliyesukuma paa na kuelekeza darubini, na Alida alihesabu akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni kilichowekewa mto. Waligombana kila asubuhi yenye mwanga. Mimi nilikuwa nikisikia nikiwa kibandani, kwa kuwa upepo huleta sauti upande ule.

"Saba."

"Sita. Hilo la mwisho ni kivuli."

"Kivuli cha nini, mwanamke?"

"Cha pua yako, toa kichwa!"

Na ile picha ya siku ya doa jipya, aliyoipiga Remi peke yake kabla ya kukimbilia basi? Iliporudi ilikuwa imepinda, ina ukungu, na robo ya jua imekatwa nje. Alida alikuwa na picha zake kwa mamia, safi, zimepangwa, kila jua katikati kama kiini cha yai, na hata moja hakuwahi kuitundika ukutani. Ile ndiyo aliyoitia fremu na kuitundika kibandani, juu ya chupa za sosi, ambako mvuke wa mafuta uliipiga kutwa nzima. Mteja mgeni akiuliza ni nini kile, alichukua ncha ya aproni, akafuta kioo, akasema, "Hiyo kapiga mume wangu," kisha akauliza kama anataka kubwa au ndogo.